Umoja wa Kanisa Unapimwa Jumamosi, si Jumapili

Wasee, leo niko na maoni na najua kuna watu watakasirika. Sawa tu. Maoni yenyewe ni haya: ukitaka kujua kama kanisa liko na umoja, usiende Jumapili. Enda Jumamosi saa nane mchana.

Jumapili kila mtu ako na umoja. Tunashikana mikono, tunaambiwa tumgeukie jirani tumwambie anapendwa, tunaimba, wengine wanalia. Ni poa na siidharau. Lakini hiyo ni rahisi. Kumwambia jirani anapendwa hakumalizi sekunde tano na hakukutoi jasho. Jumamosi ndiyo siku viti vinapanguswa, sakafu inapigwa deki, kwaya inarudia wimbo mmoja mara kumi na mbili, na mtu anaenda kununua tokeni za stima ndio kesho tusiachwe gizani. Jumamosi hakuna kamera na hakuna nguo mpya. Unaona tu nani amekuja.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Hao ni watu wengi sana. Sasa piga hesabu ya wangapi hushika ufagio.

Wanane kati ya 180

Wacha niwaambie vile kwetu huwa. Kanisa letu ni la mabati, huku Eastlands, limebanwa katikati ya ploti ya nyumba za kupanga na karakana ya magari. Jumapili tukijaa tunafika kama watu 180, bila kuhesabu watoto walio shule ya Jumapili. Mimi niko upande wa mitambo: maiki, spika, miksa, na ile kompyuta ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Kwa hivyo Jumamosi lazima niwe huko, na kwa miaka kadhaa nimeona ni nani hufika.

Kwa muda mrefu tulikuwa wanane. Kulikuwa na mama mmoja wa kufagia na kupiga deki, ambaye pia ndiye alikuwa anafunza watoto, na ndiye alikuwa anapika chai ya wageni. Kijana wa kinanda. Wasichana wawili wa kwaya ambao wakimaliza mazoezi wanapanga viti. Mzee mmoja anayejua kila msumari wa hilo jengo. Mvua ikivuja alikuwa anapanda juu mwenyewe na umri wake wote. Halafu wengine watatu wa hapa na pale, mimi nikiwa mmoja wao.

Sasa ungewauliza wale 172 waliobaki, wote wangekuambia kanisa letu liko na umoja sana. Na hawangekuwa wanadanganya! Kwao ilionekana hivyo kabisa. Ukifika saa nne asubuhi unapata viti vimenyooka, maji yako, maiki inaongea, chai inanukia. Nani hapo hataona umoja? Shida ni kwamba umoja wa watu wengi ulikuwa umebebwa na mgongo wa watu wachache, na mgongo huwa unachoka.

Ulichoka kweli. Yule mama aliugua goti, akakaa nyumbani karibu mwezi mzima. Jumapili ya kwanza shule ya Jumapili haikufunguliwa, watoto wakawa wanakimbizana katikati ya mahubiri. Jumapili ya pili nikasikia mtu nyuma yangu akinung'unika: kwani hili kanisa halina mwalimu wa watoto? Ilifika Jumapili ya tatu ndio mtu mmoja akauliza, mbele ya watu, mama mwenyewe ako wapi na anaendeleaje.

Hiyo kitu ilinikaa. Watu walikosa chai kabla ya kumkosa mama. Walikosa huduma kabla ya kumkosa mtu. Na hii ndiyo sababu ya kwanza nasema kazi ya pamoja si mambo ya kupunguza uchovu pekee. Ukifanya kazi na mtu, unamjua. Unajua goti lake linauma kabla hajaanguka. Ukimpokea tu akiwa ameshamaliza kila kitu, unamjua kama vile unamjua yule jamaa anakuletea chakula kwa boda: unashukuru, unafunga mlango.

Vile "tuwe na umoja" ilituharibia

Mwaka uliofuata tukakosana. Na tulikosana vibaya.

Kulikuwa na pesa ya maendeleo, imechangwa mos mos kwa miaka miwili. Sisi vijana tulitaka mitambo mipya. Miksa yetu ilikuwa inatoa mngurumo kama friji ya zamani, na tulikuwa na sababu: bila sauti nzuri vijana wa mtaa hawaingii, na ibada haiwezi kupeperushwa mtandaoni. Wamama nao walitaka choo kipya na jikoni yenye paa. Walikuwa wanapikia wageni na waombolezaji nje, chini ya turubai, mvua ikinyesha sufuria inaingia maji. Choo kilichokuwepo kilikuwa kimoja, cha watu wote, mlango unafungwa kwa kamba.

Pande zote mbili zilikuwa na haki. Si kila ugomvi wa kanisani ni shetani ameingia. Mara nyingi ni watu wawili wazuri, mahitaji mawili ya kweli, na pesa ya kitu kimoja.

Kwa mkutano mambo yakapamba moto. Na kiongozi mmoja, kwa nia njema nadhani, akasimama akasema tuache maneno mengi, tuwe na umoja, tuombe tuende nyumbani. Tukaomba. Tukaenda nyumbani.

Na hapo ndipo vita vilianza sasa. Maneno yakatoka kanisani yakaingia kwa grupu za WhatsApp. Kukawa na grupu ya vijana bila wazee, na grupu ya wamama bila pasta. Mtu akakohoa tu kwa ibada, watu wanauliza alikuwa anamkohoa nani. Ikafika mahali mtu akasema wale wanaotaka mitambo wote ni wa kabila fulani. Haikuwa kweli hata kidogo, lakini hapa Kenya tunajua hiyo stori: ukikosa hoja, unatafuta jina la ukoo. Ndani ya miezi miwili tulikuwa tumepoteza familia nne.

Wacha niseme hii polepole. Hatukuvunjwa na ugomvi. Tulivunjwa na kunyamazishwa. Neno "umoja" lilitumika kama kifuniko, na sufuria ikafurika.

Kanisa la kwanza pia lilikuwa na hii shida

Kuna watu husema kanisa la zamani halikuwa na kelele kama hizi. Hao hawajasoma Matendo ya Mitume sura ya 6.

Kanisa lilikuwa changa kabisa, bado liko Yerusalemu, na tayari kulikuwa na malalamiko. Kulikuwa na mgao wa chakula kila siku. Wayahudi waliokuwa wanaongea Kigiriki wakasema wajane wao wanasahaulika wakati wa kugawa, ilhali wajane wa wale wanaoongea Kiebrania wanapata. Tafsiri kwa lugha ya mtaa: watu wa lugha moja wanakula, wa lugha ingine wanaangalia. Si ni kama umeisikia mahali?

Mitume walikuwa na nafasi ya kusema "tuwe na umoja" na kufunga mkutano. Hawakufanya hivyo. Waliita watu wote. Wakakubali wazi kwamba wao hawawezi kuhubiri na pia kusimamia meza. Wakawaambia watu wenyewe wachague wanaume saba wa kuaminika washike hiyo kazi. Sasa angalia majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Inaonekana waliokuwa wanalalamika ndio walipewa sufuria.

Mimi nikisoma hapo naona mambo matatu. Malalamiko yalisikilizwa. Kazi iligawanywa. Na mamlaka pia yaligawanywa, si jasho pekee. Hii ya tatu ndiyo makanisa mengi husahau. Tunapenda sana kugawa kazi kwa vijana, lakini uamuzi unabaki kwa meza moja ya watu wanne.

Halafu kuna Nehemia sura ya 3, ile sura watu huruka juu ni majina matupu. Usiiruke. Ni orodha ya zamu! Ni karatasi ya nani anajenga kipande gani cha ukuta wa Yerusalemu. Kuna makuhani, kuna wafua dhahabu, kuna mtengeneza manukato, kuna mzee anayeitwa Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Wengi walipewa kipande kilicho mbele ya nyumba zao wenyewe, na hiyo ni akili: ukuta ulio mbele ya mlango wako huwezi ukaujenga vibaya. Ukuta ukaisha kwa siku 52.

Na kuna mstari mmoja hapo unanichekesha. Watu wa Tekoa walijenga, lakini wakubwa wao wakakataa kuinamisha shingo kufanya kazi. Yaani imeandikwa na imekaa miaka zaidi ya elfu mbili: hawa waheshimiwa hawakushika koleo. Kila kanisa liko na wakubwa wake wa Tekoa.

Vile tulirudiana

Aliyetutoa kwa shimo si mhubiri mgeni na si semina. Ni mama mmoja wa kikundi cha wamama ambaye huuza mboga sokoni na hesabu zake ni kali. Aliomba nafasi baada ya ibada, akasema hataki kuongea juu ya umoja, anataka kuona vitabu. Pesa ziko ngapi. Choo ni ngapi. Mitambo ni ngapi. Nani anafanya kazi gani hapa kila wiki. Viandikwe kwa karatasi kubwa, vibandikwe ukutani, kila mtu aone.

Kulikuwa na kimya. Halafu mweka hazina akasema sawa.

Jumapili iliyofuata karatasi ilikuwa ukutani. Na karatasi ilifanya kazi ambayo maombi ya haraka hayakufanya. Vijana waliona kwamba pesa iliyokuwepo haitoshi hata nusu ya mitambo tuliyokuwa tunaota. Wamama wakaona kwamba vijana walikuwa wamechanga zaidi ya vile watu walikuwa wanasema. Na kila mtu akaona ile orodha ya kazi, majina yaleyale manane yakijirudia kwa kila mstari. Mzee mmoja alisimama mbele ya hiyo karatasi kwa muda mrefu, kofia mkononi. Hakusema kitu. Jumamosi hiyo alikuja na wanawe wawili na ndoo.

Tuliamua choo na jikoni kwanza, juu mvua ya Machi ilikuwa inakuja na mvua haingoji mtu. Vijana walichimba na kubeba mawe. Fundi tukamlipa kazi ya ufundi pekee, na hiyo ikapunguza gharama sana. Pesa kidogo iliyobaki ikawa mwanzo wa mfuko wa mitambo, na wamama wakaahidi kwamba mfuko huo hautaguswa na kitu kingine. Miezi saba baadaye tukanunua miksa. Imetumika, si mpya, lakini haingurumi.

Kazi za kila wiki nazo tulizigawa kwa mitaa. Watu wanaoishi upande mmoja ni kundi moja, vijana na wazee ndani pamoja, na kila kundi liko na Jumamosi yake kwa mwezi. Si wazo letu. Wakatoliki wamekuwa na jumuiya ndogo ndogo kwa miongo mingi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizisukuma tangu miaka ya 1970, na ukiwa na rafiki Mkatoliki unajua jumuiya yake ndiyo hufika kwanza kukiwa na msiba. Sisi tulikopa tu.

Sitawadanganya ati kila kitu kiko fiti. Kati ya zile familia nne, mbili zilirudi. Mbili hazijarudi hadi leo, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa kuimba naye. Kuna Jumamosi kundi zima halionekani. Lakini sasa tukikosa mtu, tunajua ni nani tumemkosa, na kuna mtu anampigia simu.

Asiyechanga hana mwenye kanisa

Sasa tuingie kwa ile sehemu moto.

Kanisa lisilobebwa na watu wake litabebwa na mtu mwingine. Na huyo mtu hatabeba bure.

Hii nchi ilianza na neno Harambee. Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa mwaka wa 1963, na liko kwa ngao yetu hadi leo. Wazo lilikuwa zuri: watu wa kijiji wanakuja pamoja, huyu analeta kuku, huyu mbao, huyu nguvu zake, shule inasimama. Baadaye harambee ikageuka. Ikawa siku ya mheshimiwa kutoa bahasha mbele ya watu, na sisi wengine kupiga makofi. Kutoka kwa watu wengi kutoa kidogo, tukafika kwa mtu mmoja kutoa kubwa. Na mtu akikuezekea kanisa, siku akitaka maiki utamwambia nini?

Mnakumbuka Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubia waumini ndani ya ibada. Halafu Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa pesa ambazo Rais William Ruto alitoa katika kanisa la Soweto, zaidi ya shilingi milioni 2, na likasema zitarudishwa. Kabla ya hapo, kwa maandamano ya Juni 2024, vijana walikuwa wameshaanza kuuliza makanisa waziwazi: hii pesa mnayopokea kwa madhabahu imetoka wapi?

Nilifurahia sana hayo maswali. Bado nayafurahia. Lakini yako na nusu yake ya pili ambayo hatupendi kuisikia. Ukisema kanisa lisipokee milioni 2 za mwanasiasa, lazima useme paa litaezekwa na nani. Jibu la ukweli ni wewe. Wewe na shilingi 50 yako kwa M-Pesa kila wiki, wewe na mikono yako Jumamosi. Watu 180 wakitoa 50 kila wiki, hiyo ni 9,000. Kwa mwaka inapita 460,000. Hiyo si pesa ya kuchekwa, na haina bosi. Hakuna mtu atasimama mbele yetu kuomba kura juu ya hiyo pesa, maana ni yetu sote.

Kwa hivyo mimi naona kazi ya pamoja kama uhuru wa kanisa. Kanisa linalojifagilia, linalojichangia, na linalojua hesabu zake linaweza kumwambia mtu yeyote mkubwa: karibu, keti hapo, sikiliza neno kama wengine.

Umoja si kunyamaza

Najua kuna mtu anasoma hii akiwa kwa kanisa ambalo kuuliza swali ni dhambi. Ukiuliza pesa, wewe ni mwasi. Ukiuliza kwa nini msichana fulani aliacha kuja ghafla, unaambiwa usimguse mtumishi.

Huo si umoja. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Hadi mwisho miili zaidi ya 400 ilipatikana, wakiwemo watoto wengi. Wale watu walikuwa pamoja kabisa. Walikuwa wamehama pamoja, wameacha kazi pamoja, wamefunga pamoja. Kuwa pamoja pekee hakutoshi. Inategemea kama ndani ya huo "pamoja" kuna mtu anaweza kusema hapana na bado akahesabiwa kuwa ndugu.

Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alifananisha kanisa na mwili wenye viungo vingi tofauti. Watu hutumia hiyo picha kusema tukubaliane. Lakini fikiria mwili wako mwenyewe. Ukikanyaga msumari, mguu haunyamazi ati kwa ajili ya umoja. Mguu unapiga kelele, na mwili mzima unasimama, macho yanaangalia chini, mikono inaenda kutoa msumari. Mguu ambao hauhisi chochote ndio daktari ataogopa.

Vijana, sasa nasi

"Nyinyi ni kanisa la kesho." Hii sentensi nimeisikia tangu nikiwa darasa la tatu. Kesho yenyewe haifiki! Wazee wetu, kwa heshima yote: kijana wa miaka 22 analipa kodi ya nyumba, anapiga kura, wengine wanalea wadogo zao. Mkimpa viti vya kupanga na mkimnyima kiti cha mkutano, msishangae akitafuta mahali pengine. Pia mkiwa na mambo ya pesa, tuonyesheni vitabu. Hatuulizi kwa sababu tunawadharau. Tunauliza kwa sababu ni kwetu pia.

Lakini vijana wenzangu, nasi tuambiane ukweli. Kuna mchezo wetu wa kuhama. Wimbo haujapigwa poa, tumehama. Pasta ameongea juu ya nguo, tumehama. Pita barabara yoyote ya mtaa uhesabu mabango ya makanisa. Mengi yalizaliwa na watu ambao hawangeweza kukaa kwa kikao kimoja zaidi. Ikiwa unahama kwa sababu kuna unyanyasaji au wizi, hama, na uripoti kabisa. Ikiwa unahama kwa sababu mama wa jikoni alikujibu vibaya, huko unaenda utapata mama mwingine wa jikoni.

Na kuna ile ya kutaka huduma zenye taa pekee. Kila mtu anataka maiki, kila mtu anataka kupiga ngoma, kila mtu anataka kurekodi. Choo ni nani? Watoto ni nani? Shosho wa ploti ya nyuma ambaye haoni vizuri, anayemshika mkono kumvusha barabara ni nani? Kipaji si kile kinaonekana kwa skrini pekee.

Anza hapa

Siwezi kukuandikia umoja wa kanisa lako. Lakini kuna mambo unaweza kufanya hii wiki bila ruhusa ya mtu:

Tafuta mtu mmoja anayefanya kazi tatu kanisani na umwondolee moja. Usimwambie "ukihitaji msaada niite." Hataita. Mwambie, "Mama, Jumamosi hii deki ni yangu."

Jua jina la anayefungua mlango na anayefunga. Kila kanisa liko na mtu wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Ukimkosa siku moja, mpigie.

Ukiwa na lalamiko, litoe mahali ambapo linaweza kutatuliwa. Grupu ya pembeni haijawahi kujenga choo.

Changa kitu, hata kama ni kidogo, halafu uulize hesabu kwa heshima. Hayo mawili huenda pamoja. Anayechanga bila kuuliza analala, na anayeuliza bila kuchanga anapiga kelele tu.

Na kama wewe ndiye kiongozi, bandika karatasi ukutani. Pesa zote, kazi zote, majina yote. Acha watu waone majina manane yakijirudia. Wengi si wavivu kama unavyofikiria. Hawajawahi tu kuonyeshwa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tumekuwa na vidole 180 na tumekuwa tukisumbua nane. Hii Jumamosi, kabla hujapanga mambo ya kuzurura, pitia kanisani kwenu saa nane. Usiende kuomba msamaha wala kutoa hotuba. Ufagio uko nyuma ya mlango.